Fungu

Alikuja Alhamisi kabla ya adhuhuri,
akaweka karatasi juu ya kioo changu chenye ufa:
mihuri kumi na mmoja.
Mimi huchonga mihuri hapa Wete, kibanda cha tatu kutoka benki.
Nimechonga skuli, masheha, timu za mpira,
ushirika wa mwani uliokufa kabla wino haujakauka.
Sijawahi kuchonga nchi.

IKULU. BENKI KUU. UHAMIAJI.
MSAJILI WA MAKAMPUNI (miwili, huu utachakaa upesi).

Bwana Thani Muhsin, mtoto wa Bopwe aliyerudi kutoka Dubai
na viatu visivyojua tope,
alinieleza polepole:
nje ya Fundo lipo fungu la mchanga,
halina mwenyewe, halimo kwenye ramani ya mtu.
Ametia bendera. Ametangaza.
"Jamhuri," akasema, akilitamka neno
kama jina la mchumba.

Nikauliza raia.
"Makampuni," akasema. "Mia mbili na arubaini.
Hayali, hayaumwi, hayapigi kura.
Yote anwani moja, Sanduku la Posta namba moja."
Nikauliza posta.
Akacheka. Nami nikacheka, maana bei ilikuwa haijatajwa.

Fungu hilo nalijua.
Shangazi yangu Mize huchokoa chaza pale
tangu hajavunja ungo.
Bahari ikipwa ni nchi kavu; ikijaa, maji ya kiuno.
Maji mafu yakiingia halionekani siku tatu, nne,
labda ndiyo sikukuu ya taifa.
"Fedha haizami," Thani akanambia.
"Fedha haikanyagi mchanga. Inapita kwenye jina tu,
inatokea upande wa pili imeshaoga."

Sitasema sikutamani.
Kila mwezi Zuwena wa mapato hunijia na kitabu chake:
kodi ya kibanda, kodi ya kibao,
ada ya taka ambazo kunguru ndio huzizoa.
Usiku ule nilitangaza uhuru wangu kitandani.
Hatua tatu kwa mbili, mpaka wa kaskazini muuza urojo,
bendera kanga ya mke wangu,
Zuwena kasimama kizingitini anasubiri viza.
Nikajitawala mpaka karibu na alfajiri.
Kisha mtoto akakohoa,
nikaikumbuka dawa ya bure ya hospitali,
foleni yake, kidirisha chake,
na kwamba mahali fulani, mtu fulani
huinunua ile bure.

Mihuri kumi aliichukua.
Malipo: noti moja ya Jamhuri, nzuri ajabu,
uso wake mbele, chaza nyuma.
Haipokelewi popote. Hata kule,
maana kule hakuna duka.

Mize alivuka kwa miguu Jumapili, bahari imepwa,
akakuta ubao: HAKUNA KUINGIA BILA KIBALI.
Hakuusoma; kusoma kwake ni msahafu tu.
Aliung'oa, akaukalia, nguo isirowe,
akajaza kikapu.
Nilipomsomea baadaye aliuliza mara mbili.
"Mungu kagawa mafungu," akasema,
"sisi tukapewa la kukosa.
Hata hilo wanalitaka?"
Bendera ilirudi yenyewe na bamvua,
sasa inaziba dirisha la banda la kuku.

Thani hajaonekana. Wengine husema Dubai,
wengine husema kuna fungu jingine, refu zaidi, huko mbele.
Muhuri wa kumi na moja umebaki kwangu:
IMELIPWA.
Juzi niliujaribu nyuma ya kiganja.
Ndipo Zuwena akaingia, jasho linamtoka, folda kwapani.
Nikamnyooshea mkono.
Akasoma. Akatabasamu kidogo, upande mmoja.
Kisha akafungua kitabu ukurasa mpya
akaniuliza jina, kama kila mwezi,
na mimi, kama kila mwezi,
nikalitaja.